Kusoma Utabiri wa Bahari Kabla ya Kuvuka Mkondo wa Zanzibar: Mwongozo Kamili kwa Manahodha wa Vyombo Vidogo

Malalamiko ni yaleyale kila msimu: utabiri ulisema mawimbi ya mita moja na kitu, nahodha akang'oa nanga, na alipofika katikati ya safari akakuta bahari imechafuka kiasi cha abiria kusaidia kufua maji kwa mabakuli. Mara nyingi utabiri haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuuchukua kama jibu, ilhali ni nusu tu ya hesabu. Nusu iliyobaki, yaani mwendo wa maji, saa ya kuondoka na uwezo wa chombo chenyewe, hakuna mamlaka inayoweza kumfanyia nahodha.

Mwongozo huu unafuata safari moja katika Mkondo wa Zanzibar, yaani bahari iliyo kati ya bara na kisiwa cha Unguja: kutoka Pangani hadi Nungwi, takriban kilomita 50 kwa mstari ulionyooka kuelekea kusini-mashariki, kwa boti ya faiba yenye mashine moja au kwa mashua ya tanga. Anayevuka kwingine, tuseme Tanga kwenda Wete, Nyamisati kwenda Kilindoni au Lamu kwenda Kiunga, atabadilisha majina, pembe na saa za maji, lakini mpangilio wa hatua utabaki huu huu.

## Mahitaji

- Simu yenye intaneti na chaji ya kutosha, pamoja na redio ndogo ya betri kwa siku ambazo mtandao haupatikani.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu: Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam.
- Kalenda inayoonyesha tarehe za mwezi wa Kiislamu.
- Dira, pamoja na ramani ya bahari au kifaa cha GPS.
- Daftari na kalamu. Daftari ni la lazima, kwa sababu hatua ya mwisho haiwezekani bila kumbukumbu zinazodumu.
- Redio ya VHF ya mkononi isiyoingia maji, na jaketi okozi kwa kila mtu atakayepanda.
- Mtu mmoja wa kuaminika atakayebaki nchi kavu na kujua mpango wote.

## Hatua ya 1: Andika mipaka ya chombo kabla ya kufungua utabiri

Nahodha ambaye mzigo umeshapakiwa na nauli imeshalipwa husoma utabiri kwa jicho la kutafuta ruhusa. Ndiyo maana mipaka huandikwa kwanza, siku ambayo hakuna safari wala mtu anayesubiri ufukweni.

Andika namba mbili: kasi ya juu ya upepo na kimo cha juu cha mawimbi unavyokubali. Kwa boti ya faiba ya mita saba yenye mashine moja, kwa maoni yangu, pa kuanzia ni upepo usiozidi kilomita 25 kwa saa na mawimbi yasiyozidi mita 1.2 pale unapokwenda kwa upepo wa omo, yaani unaotoka mbele. Kwa ngalawa au mtumbwi namba hizo zishushwe vya kutosha. Kwa mashua iliyo imara na yenye mabaharia wazoefu zinaweza kupanda kidogo, ila tanga bovu au foromali (mti unaoshikilia tanga) yenye ufa huzirudisha chini palepale.

Tahadhari: upepo wa tezi, yaani unaotoka nyuma, hudanganya. Chombo hukimbia vizuri na abiria hufurahi, lakini mawimbi yanayosukuma kutoka nyuma yanaweza kukigeuza ubavu, hasa kilichopakiwa mzigo mzito mbele. Usipandishe mipaka kwa sababu tu upepo uko nyuma yako.

Utajua umefaulu pale ambapo namba mbili ziko daftarini kwa wino, na mtu wako wa nchi kavu anazijua.

## Hatua ya 2: Tambua msimu uliomo

Utabiri wa siku moja unaeleweka vizuri zaidi ukijua upepo unaotawala. Upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Machi. Upepo wa kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba na pengine Oktoba, na nguvu zake hufika kileleni kati ya Juni na Agosti. Katikati yake kuna maleleji, majira ambayo upepo huwa dhaifu na hubadilika-badilika, lakini mvua za masika na vuli huleta dhoruba za ghafla.

Chini ya pepo hizo kuna jambo ambalo halibadiliki. Mkondo mkubwa wa bahari wa pwani ya Afrika Mashariki hukimbilia kaskazini mwaka mzima katika maji ya Tanzania. Wakati wa kusi upepo huusukuma na kasi yake huongezeka. Wakati wa kaskazi hupungua, ila haugeuki. Kwa hiyo upepo wa kusi hufuatana na mkondo huo, na upepo wa kaskazi hugongana nao, jambo tutakalolirudia katika hatua ya sita.

Usidhani kwamba chombo kikubwa kiko nje ya sheria hizi. Meli ya abiria ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, katika bahari iliyochafuka ya msimu wa kusi.

## Hatua ya 3: Pata taarifa ya mamlaka na uisome neno kwa neno

Anza na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Kwa upande wa Kenya, ni Idara ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo. Programu za simu huja baadaye, na sababu ni nyepesi: mtaalamu wa mamlaka ameshapima matokeo ya kompyuta kadhaa akijua tabia ya pwani hii, wakati programu hukuonyesha matokeo ya kompyuta moja bila mtu kuyapitia.

Nakili mambo manne daftarini: eneo linalotajwa, muda wa taarifa, kiwango chake, na namba zenyewe.

Kuhusu eneo, hakikisha linakuhusu. Taarifa inayotaja Lindi na Mtwara si yako ukiwa Pangani, ingawa upepo wa kusi hupita huko kabla ya kukufikia, na mara nyingi inafaa kuisoma kama habari za jirani.

Kuhusu kiwango, TMA hutumia ngazi tatu za onyo: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Kila onyo huambatana na uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Angalizo la kawaida la pwani hii hutaja vipindi vya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Maneno "vipindi" na "baadhi ya maeneo" yana uzito: hayasemi kwamba utakuwa na nafuu, yanasema kwamba hujui ni saa ngapi na ni wapi utakutana na hali hiyo.

Tahadhari: kukosekana kwa angalizo si ruhusa ya kuvuka. Upepo wa kilomita 35 kwa saa unaweza kupita bila onyo lolote la rangi, lakini tayari umevuka mpaka ulioandika katika hatua ya kwanza. Vilevile, tazama tarehe. Taarifa zinazosambazwa kwenye simu hubaki zikizunguka siku nyingi baada ya muda wake kwisha, na picha ya juzi husomwa kama ya leo.

## Hatua ya 4: Badilisha vipimo, saa na pembe

Taarifa za mamlaka hutumia kilomita kwa saa. Programu nyingi za upepo hutumia noti au mita kwa sekunde. Noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa, na mita 1 kwa sekunde ni kilomita 3.6 kwa saa. Anayeona "15" bila kutazama kipimo anaweza kudhani ni upepo mwanana, kumbe ni noti 15, yaani takriban kilomita 28 kwa saa.

Saa huwakosesha wengi zaidi. Matokeo ya kompyuta kubwa, kama vile GFS ya Marekani na ECMWF ya Ulaya, hupangwa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na baadhi ya kurasa huyaonyesha hivyo hivyo. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele kwa saa tatu. Saa 06 ya UTC ni saa tatu asubuhi, na saa 12 ya UTC ni saa tisa alasiri. Anayehesabu kwa Kiswahili ana njia ya mkato: toa tatu.

Kisha pembe. Upepo hutajwa kwa upande unakotoka, lakini mwendo wa maji hutajwa kwa upande unakokwenda. Upepo wa kusini na maji ya kaskazini vinaelekea upande mmoja. Andika mshale kwa kila kimoja daftarini, wala usiandike neno peke yake.

Programu zikikupa namba mbili za upepo, ile ya wastani na ile ya misukumo ya ghafla, linganisha mpaka wako na kubwa kati ya hizo mbili.

## Hatua ya 5: Soma mawimbi kwa namba tatu

Kimo pekee hakitoshi. Tafuta pia muda kati ya wimbi na wimbi, na upande yanakotoka.

Kimo kinachotangazwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Maana yake ni kwamba mengi utakayoyakuta yatakuwa madogo kuliko namba hiyo, lakini katika safari ya saa kadhaa utakutana na machache makubwa zaidi, na wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili ya kimo kilichotangazwa. Ukisoma mita 1.5, jiulize kama chombo chako kinaweza kubeba mita 3 mara moja. Kama jibu ni hapana, umeshapata uamuzi.

Muda kati ya mawimbi ndio unaoeleza ukali wake. Katika maji ya kina, mawimbi yanayofuatana kila baada ya sekunde 5 huwa na urefu wa takriban mita 39 kutoka kilele hadi kilele, na yale ya sekunde 12 huwa na urefu wa zaidi ya mita 220. Wimbi la mita 1.5 katika urefu wa mita 39 lina mteremko unaopiga pua ya boti na kuirusha. Kimo kile kile katika urefu wa mita 220 humnyanyua baharia na kumshusha bila hata kumwaga chai yake.

Tahadhari: mawimbi hayo marefu, ambayo mara nyingi huzaliwa na dhoruba za kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, ni mapole kwenye kina tu. Yakifika kwenye mwamba au fungu la mchanga hunyanyuka na kuvunjika. Mvuvi wa Matemwe, Paje au Jambiani anayetoka kupitia mlango wa mwamba anapaswa kuyaogopa zaidi kuliko anayevuka mkondo, hata kama siku hiyo hakuna upepo wa kutikisa mnazi. Asubiri na kutazama mlango kwa dakika kumi au zaidi, maana mawimbi makubwa huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari hutulia kana kwamba hakuna kitu.

## Hatua ya 6: Weka maji ndani ya hesabu

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, na ndipo programu za simu zinapoishiwa msaada, kwa sababu matokeo mengi ya upepo na mawimbi hayahesabu mwendo wa maji kujaa na kupwa katika mkondo mwembamba kama huu.

Kanuni ni hii: upepo unapovuma kinyume cha maji yanakokwenda, mawimbi hufupika, husimama wima na kuanza kuvunjika. Upepo na maji vikielekea upande mmoja, mawimbi yaleyale hurefuka na kulala. Kimo kilichotangazwa kinaweza kuwa kimoja, lakini bahari ni mbili tofauti.

Jua ukubwa wa maji. Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa ni takriban saa 12 na dakika 25, ndiyo sababu maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, karibu na tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 za mwezi wa Kiislamu, na siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huko Unguja inaweza kukaribia mita 4. Maji mafu huja karibu na tarehe 8 na tarehe 23, na mwendo wake ni dhaifu.

Jua saa yenye kasi. Maji hayaendi kwa kasi moja. Katika saa sita za kujaa au kupwa, ukigawa maji yote mafungu 12, saa ya kwanza huchukua fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu na ya nne mafungu 3 kila moja, ya tano 2, na ya sita 1. Nusu nzima ya maji hupita katika saa mbili za katikati. Hizo ndizo saa za kukwepa upepo unapokuwa kinyume.

Jua yanakoelekea. Katika mlango wa kaskazini wa mkondo wa Zanzibar, ambako safari ya Pangani na Nungwi hupita, maji yanapojaa kwa kawaida huingia yakielekea kusini, na yanapokupwa hutoka yakielekea kaskazini. Usinichukulie neno langu peke yake. Thibitisha kwa macho. Tafuta boya la dema (mtego wa samaki) au la nyavu lililofungwa chini, utazame kamba yake inavyovutwa na povu linavyojikusanya upande mmoja wa boya. Boya likizamishwa nusu na kamba ikilala, maji yana kasi. Kamba ikisimama wima, yametulia au yanageuka.

Sasa unganisha. Siku za bamvua, maji ya Unguja hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, kisha hukupwa hadi karibu na saa nne. Katika msimu wa kusi, hii ina maana kwamba kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi maji hutoka yakielekea kaskazini, upande uleule unakokwenda upepo. Bahari huwa na nafuu. Kuanzia saa nne maji hugeuka na kuanza kuingia kuelekea kusini, yakipambana na upepo ambao mchana huongezewa nguvu na joto la nchi kavu. Saa saba, nane na tisa mchana wa bamvua katika Julai ni saa mbaya kupita zote katika mlango huo, na mtu aliyevuka vizuri asubuhi ile ile hawezi kuamini anachokiona.

Katika msimu wa kaskazi mambo hugeuka. Maji yanayotoka asubuhi ya bamvua kuelekea kaskazini, yakisaidiwa na mkondo mkubwa wa bahari, hukutana uso kwa uso na upepo. Desturi ya "ondoka alfajiri utakuwa salama", ambayo wengi tumeirithi bila kuihoji, hapa haisaidii sana upepo ukiwa umeshaamka. Ni heri kusubiri maji yasimame.

Utajua umefaulu ukiweza kusema, bila kutazama simu, ni saa ngapi maji na upepo vitapambana katika njia yako.

## Hatua ya 7: Linganisha utabiri na unachokiona

Saa moja kabla ya kuondoka, simama mahali palipo wazi, pasipo kukingwa na nyumba wala mikoko, utazame bahari ya mbali.

Povu jeupe la hapa na pale ni dalili ya upepo wa takriban kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Povu likiwa jingi na la mara kwa mara, ni kilomita 20 hadi 28. Likitanda kila upande na matone kuanza kurushwa, umefika kilomita 29 hadi 38, na boti ya mita saba ibaki ufukweni. Ukiona alfajiri kile ambacho utabiri ulisema kitatokea mchana, usitafute maelezo. Mchana utakuwa mkali zaidi ya ulivyoambiwa.

Alfajiri, karibu na nchi, umande, yaani upepo wa alfajiri unaovuma kutoka bara, unaweza kulaza maji ya ufukweni na kukuficha hali ya nje. Mvuvi anayerudi kutoka usiku ndiye chombo bora cha kupimia. Muulize mambo mawili tu: maji yalikuwa yanakwenda wapi, na upepo uliamka saa ngapi.

Dhoruba ya ghafla haionekani kwenye programu, kwa sababu wingu la kilomita chache ni dogo kuliko vipimo vinavyotumiwa na kompyuta. Itafute angani: wingu jeusi lenye kitako kilichonyooka, pazia la mvua chini yake, kisha upepo wa baridi unaokufikia kabla ya tone la kwanza. Kwa mashua, tanga litue wakati wingu bado liko mbali, kwa sababu upepo ukishafika hakuna mikono itakayotosha. Kwa boti ya mashine, funika vitu, wavishe watu jaketi okozi, elekeza pua upande unakotoka upepo, na punguza mwendo.

## Hatua ya 8: Kuanzia Novemba hadi Mei, ulizia vimbunga

Vimbunga vya kitropiki ni adimu kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha ya kuzungusha dhoruba. Adimu si kamwe: kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, baada ya wakati ambao wengi huhesabu kuwa msimu umekwisha. Kituo cha kanda kinachofuatilia vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi kiko kisiwani Réunion, na TMA hutoa maelekezo kwa pwani yetu.

Usitazame kitovu pekee. Kimbunga kilicho mbali, kule Madagaska au Msumbiji, kinaweza kubadilisha pepo zetu na kutuma mawimbi marefu hadi kwenye miamba yetu. Siku ambayo taarifa ya pwani yako inataja kimbunga kwa jina, mipaka ya hatua ya kwanza haitumiki. Chombo kidogo hakitoki.

## Hatua ya 9: Fanya uamuzi, kisha upange saa

Tuchukue mfano. Ni Julai, tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu. Utabiri unasema upepo wa kusini-mashariki, kilomita 18 kwa saa asubuhi na 28 mchana, mawimbi ya mita 1.1 kila baada ya sekunde 6. Mipaka yako ni 25 na 1.2.

Asubuhi iko ndani ya mipaka, mchana hauko. Boti inayokwenda kilomita 15 kwa saa ingevuka kwa saa tatu na dakika ishirini bahari ikiwa shwari, lakini kwa upepo wa omo na maji yanayokurudisha kaskazini, weka saa tano. Lazima uwe Nungwi ifikapo saa nne asubuhi, kabla maji hayajageuka. Basi ondoka saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo inafaa pia kwa sababu ya mlango wa mto Pangani: maji bado ni mengi juu ya fungu la mchanga, na ni saa ya kwanza tu ya kupwa. Ukichelewa hadi saa moja asubuhi, mto utakuwa unamwaga kwa kasi dhidi ya mawimbi yanayoingia, na hatari ya kwanza itakuwa pale pale mlangoni, mbele ya macho ya waliokusindikiza.

Mwenye mashua ya tanga atalazimika kupiga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, njia nzima, na saa tano hazitamtosha. Kwake jibu la siku hiyo ni hapana, hata kama boti ya jirani imetoka.

Kurudi kuna hesabu yake. Upepo utakuwa wa tezi na safari itakuwa fupi, lakini ukitoka Nungwi alfajiri ya bamvua utafika Pangani maji yakiwa yamekauka juu ya fungu. Ukisubiri yajae, utavuka mchana katika saa mbaya. Mimi ningesubiri Nungwi hadi maji mafu, ambapo kujaa huangukia karibu na saa nne asubuhi: unaondoka saa kumi na mbili, unafika mlangoni na maji ya kutosha, na mwendo wa maji wa kinyume ni dhaifu.

Kabla ya kuondoka, amua saa ya kurudi nyuma. Kwa mfano huu, kama saa mbili asubuhi hujamaliza nusu ya njia, geuza. Mwachie mtu wa nchi kavu majina ya waliopanda, njia, saa ya kufika, na saa ambayo asipokusikia atatoa taarifa kwa bandari, kwa KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) upande wa Zanzibar, au kwa kupiga 112. Ukiwa na VHF, iache wazi kwenye chaneli ya 16.

## Hatua ya 10: Andika kilichotokea

Siku hiyohiyo, kabla ya kulala, jaza mstari mmoja daftarini: tarehe ya kawaida na ya mwezi wa Kiislamu, upepo uliotabiriwa na uliouona, kimo cha mawimbi kilichotabiriwa na makisio yako, saa upepo ulipoamka, na mahali maji yalipokuwa machafu zaidi. Tumia njia ileile ya kukisia kila mara, kwa mfano kulinganisha kilele cha wimbi na ukingo wa boti ukiwa umekaa, ili namba za siku moja zilinganishwe na za nyingine.

Andika pia siku ambazo hukutoka, pamoja na hali uliyoiona kutoka ufukweni. Daftari lenye safari tu litakuonyesha siku nzuri pekee. Msimu mmoja ukiisha, pitia mistari hiyo utazame tofauti inayojirudia. Kama upepo wa mchana huzidi utabiri kila mara katika njia yako, ongeza tofauti hiyo juu ya kila namba utakayosoma msimu ujao kabla ya kuilinganisha na mpaka wako.